Pete Iliyofungwa Uzi

Sonara alikishika kile kipimo cha almasi kama mtu anavyoshika kalamu, akaigusisha ncha yake juu ya jiwe, na kikalia. Mtoto wa kaka yangu alishusha pumzi ndefu. Tulikuwa katika chumba chembamba kwenye ghorofa ya pili ya jengo la maduka, si mbali na stendi ya zamani ya teksi mjini Kampala, na sauti za makondakta waliokuwa wakiita abiria wa Jinja na Iganga zilipanda hadi pale tulipoketi. "Kimelia, Shangazi," aliniambia, nami nikadhani shughuli imekwisha.

Yule mzee hakuridhika. Aliigeuza pete, akaona uzi mweupe uliozungushwa upande wa chini, akauliza ni wa nini. Kijana alimjibu kwamba pete ni kubwa kidogo kwa kidole cha mwenyewe. Mzee akasema angeweza kuipunguza siku hiyo hiyo, naye akajibiwa kwamba hilo lingoje, kwani tulikuwa tumekuja kwa ajili ya jiwe. Basi akafungua droo na kutoa kipimo cha pili, ambacho hakipimi joto kama cha kwanza bali hupima umeme, akakigusisha, na taa nyekundu ikawaka. Hatimaye alinipa kioo chake cha kukuzia. "Tazama ile mistari ya upande wa nyuma, mama," alisema. "Utaiona miwili miwili."

Niliiona. Kila ukingo ulikuwa na pacha wake pembeni, kama maandishi yanavyoonekana mtu anapokuwa na machozi machoni. Almasi haiugawi mwanga kwa namna hiyo. Jiwe lilikuwa moisanaiti, kito cha maabara kinachofanana na almasi.

Nilimgeukia kijana nikiwa tayari kumpa pole kwa kutapeliwa, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyetapeliwa. Alikuwa akikitazama kipimo cha kwanza. "Mzee," aliuliza kwa heshima, "masonara wengi wanacho hiki cha pili, au wengi wao wana kile cha kwanza tu?"

Hakuwa amekuja kujua jiwe ni la namna gani. Alikuwa amekuja kujua kama litaaminika.

## Siri niliyopewa

Alinieleza yote tulipokuwa tukishuka ngazi. Pete ilikuwa kidoleni mwa mchumba wake kwa mwezi mzima, na asubuhi hiyo alikuwa ameichukua kwa kisingizio cha kuipeleka kusafishwa. Duka moja lilikuwa limemtajia shilingi milioni nane kwa pete ya almasi. Yeye ni karani katika ofisi ya mawakala wa forodha pale Busia, ana wadogo zake wawili anaowasomesha, na alikwisha kukopa katika chama cha akiba na mikopo kwa ajili ya maandalizi ya kwanjula, sherehe ya kujitambulisha kwa wakwe. Hii ya moisanaiti ilimgharimu shilingi laki nne. Hakumtamkia mchumba wake kwamba ni almasi. Alinyamaza tu pale wenzake kazini walipoitamka milioni nane, naye binti akayasikia hayo na kuyaamini.

"Usimwambie mtu, Shangazi. Hata Baba."

Nilikubali.

Sikukubali kwa sababu niliona ni sawa. Nilikubali kwa sababu nampenda, kwa sababu nilimnyonyesha uji mwenyewe mama yake alipokuwa amelazwa, na kwa sababu nilidhani jambo la laki nne haliwezi kuvunja nyumba. Wiki zilipopita niligundua kwamba nilikuwa nikiliwaza nikisahihisha madaftari, nikipika, nikiwa katika teksi. Mwanzoni niliamini kwamba kinachonisumbua ni jiwe lenyewe, kwamba lingekuwa almasi ningelala usingizi. Ilinibidi nilichunguze wazo hilo, na makala hii imetokana na uchunguzi huo.

## Mila ya nani?

Nilimpigia simu nikamwuliza kwa nini hakumweleza binti bei halisi. Alinijibu kwamba mwanamume anapaswa kutumia mshahara wa miezi miwili kwa pete, na yeye hakuwa nao. Alilitamka jambo hilo kama anavyotamka desturi ya Wasamia, kabila letu, kuhusu ng'ombe wa mahari. Nilimwuliza ni mzee yupi aliyemfundisha, akakosa jina la kunitajia.

Mimi ninalo. Desturi hiyo ilitoka katika matangazo ya kampuni ya De Beers, iliyoanzishwa mwaka 1888 baada ya ardhi ya Kimberley, Afrika Kusini, kuanza kutoa almasi nyingi kiasi cha kutishia bei zake. Mwaka 1938 kampuni hiyo ililiendea shirika la matangazo la N. W. Ayer nchini Marekani, na mwaka 1947 mwandishi wa shirika hilo, Frances Gerety, akaandika sentensi fupi isemayo kwamba almasi ni ya milele. Sentensi hiyo ilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: ililifunga jiwe na kiapo cha ndoa, na ikawafanya wenye almasi waone vibaya kuziuza, kwa hiyo mawe yaliyokwisha kununuliwa yalibaki kabatini badala ya kurudi sokoni na kushindana na mapya. Mshahara wa miezi miwili ulikuja baadaye, katika matangazo ya miaka ya 1980. Nchini Japani, mwaka 1967, chini ya bibi harusi 5 katika kila 100 walipewa pete ya almasi. Ilipofika mwaka 1981 walikuwa wapatao 60. Watu walioana Japani kwa karne nyingi bila jiwe hilo, na ilitosha miaka 14 kulifanya lionekane kama sharti.

Nilimsimulia haya yote. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema neno ambalo sikuwa na jibu lake papo hapo.

"Kwa hiyo ni biashara, nimekuelewa. Lakini watu wanaamini, Shangazi, na mimi ninaishi na watu."

## Kishika uchumba

Nililibeba jibu hilo kwa siku nyingi, kwa maana lina uzito. Ni rahisi kwangu, mwalimu mwenye umri wangu, kudharau macho ya watu. Yeye anaposa binti wa Masaka, yeye Msamia kutoka mpakani, na siku ya kwanjula kutakuwa na wajomba waliovaa kanzu watakaompima kabla hajaketi. Kuonyesha uwezo mbele ya wakwe si upuuzi. Mzazi anayemtoa binti yake anataka kujua kama mwanamume huyu ana nia, na nia haionekani, kwa hiyo huombwa kitu kinachoonekana na kinachomgharimu.

Kiswahili kina maneno yake kwa jambo hili. Pwani huita zawadi ya aina hiyo kishika uchumba, yaani kile kinachoushikilia uchumba usiponyoke. Na mtu anayemwagiza seremala kabati huacha arubuni, fedha anayoweza kuipoteza akibadili nia. Pete ya thamani ni arubuni, hata kama hakuna anayeiita hivyo. Mwanazuoni wa sheria wa Marekani, Margaret Brinig, aliandika mwaka 1990 kuhusu kipindi ambacho majimbo ya nchi hiyo yalianza kufuta, tangu mwaka 1935, haki ya mwanamke kumshtaki mwanamume aliyemwahidi ndoa kisha akamwacha. Alionyesha kwamba hamu ya pete za almasi ilianza kupanda katika miaka hiyo hiyo, kabla hata ya yale matangazo makubwa. Sheria ilipoacha kuilinda ahadi, wanawake walihitaji rehani ya kushika mkononi.

Nilipolisoma hilo niliacha kuiona pete kama ujinga wa kigeni. Kuna mwanamke nyuma yake aliyekuwa na sababu ya kuogopa.

Lakini hapa kwetu rehani ipo tayari. Mahari ni rehani nzito kuliko pete yoyote, na uzito wake umewahi kuwaumiza wanawake kwa sababu ulirudi shingoni mwao. Ndiyo maana shirika la kutetea wanawake la MIFUMI, kutoka Tororo, jirani zetu, lilikwenda mahakamani, na tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba, ingawa haikuyafuta mahari yenyewe. Tumepigana miaka mingi ili mwanamke asiwe mateka wa ng'ombe waliotolewa. Nikajiuliza, je, inatupasa sasa kuongeza rehani ya pili juu ya ile ya kwanza, na imwendee nani?

Hapo ndipo nilipoona tofauti niliyokuwa nikiitafuta. Ng'ombe wa mahari hukabidhiwa kwa watu wanaomjua ng'ombe. Baba mkwe humzunguka, humshika nundu, hutazama meno, na hakuna awezaye kumletea ng'ombe wa bandia. Gharama na ishara ni kitu kimoja chenye miguu minne. Gharama ya almasi haimo ndani ya almasi kwa jicho la yeyote aliyehudhuria sherehe zetu. Imo katika karatasi ya duka na katika uvumi wa ofisini. Wajomba wa Masaka hawana kioo cha kukuzia. Binti mwenyewe hana. Kwa hiyo pete huwaambia watu bei ambayo hakuna hata mmoja wao awezaye kuihakikisha, na anayeijua kweli yake ni mvulana mmoja anayelala nayo usiku.

## Neno "kweli"

Aliponiambia kwa mara ya tatu kwamba ingekuwa vizuri angekuwa na "almasi ya kweli", nilianza kulishuku neno hilo pia.

Almasi ni kaboni. Mwaka 1954 mafundi wa kampuni ya General Electric nchini Marekani waliitengeneza maabara, na leo almasi za maabara za kuvalia ni kaboni ile ile, ngumu vile vile. Mwaka 2018 tume ya biashara ya nchi hiyo iliondoa neno "asilia" katika maelezo yake ya almasi. Mwaka huo huo De Beers wenyewe walianza kuuza almasi za maabara kwa dola 800 kwa karati, karati ikiwa ni moja ya tano ya gramu, na mwaka 2025 wakatangaza kuifunga biashara hiyo baada ya bei za mawe hayo kuporomoka. Ishara iliyotegemea ughali inaachana na ughali wake mbele ya macho yetu.

Na ile ya ardhini ina historia ambayo sisi Waganda hatuwezi kuizungumzia kama watu wa mbali. Nchi yetu haichimbi almasi. Hata hivyo, ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 ilionyesha kwamba Uganda ilikuwa ikiuza almasi nje katika miaka ile ile ambayo jeshi letu lilikuwa Kongo. Mwezi Juni mwaka 2000 wanajeshi wetu na wale wa Rwanda walipigana kwa siku sita katikati ya Kisangani, mji wa wafanyabiashara wa almasi, juu ya vichwa vya watu waliokuwa nyumbani mwao. Mwezi Februari mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe fidia ya dola milioni 325, na milioni 60 kati ya hizo zilikuwa kwa ajili ya maliasili zilizoporwa, almasi zikiwemo. Fedha hizo zinatoka katika hazina yetu, yaani katika kodi yangu na katika kodi inayokusanywa pale Busia, katika ofisi zinazopakana na ile ya mtoto wa kaka yangu.

Nilimwambia: jiwe lako la laki nne halijamgharimu mtu yeyote damu. Hilo ungeweza kulisema kwa sauti.

## Vya bei nafuu

Baadhi ya wasomaji watataka kujua cha kununua, nami nitasema ninachokijua. Moisanaiti ni kaboni na silikoni. Mfaransa Henri Moissan aliigundua mwaka 1893 katika kimondo kilichoanguka Arizona, na ile ya madukani hutengenezwa maabara. Ugumu wake ni 9.25 katika kipimo ambacho almasi ina 10, kwa hiyo itadumu kidoleni kwa maisha yote, na inapitisha joto vizuri kiasi kwamba inakidanganya kile kipimo cha kwanza cha masonara. Yakuti samawi ina 9 na ni kito cha heshima kabisa. Zirkonia, jiwe jingine la kutengenezwa, ni rahisi kuliko zote, lakini hufifia kadiri miaka inavyokwenda.

Tanzanaiti ndiyo inayonivuta moyo, kwa sababu ni ya jirani zetu wa Mererani, Tanzania, na haijapatikana kwingine duniani, lakini ugumu wake hauzidi 7. Hilo ni jambo la kulifikiria katika nyumba zetu. Vumbi letu na mchanga tunaosugulia sufuria vimejaa chembe za kwazi, ambazo ugumu wake ni 7, na mwanamke anayesugua sufuria na pete ya tanzanaiti kidoleni atalikwaruza jiwe kabla mtoto wa kwanza hajaanza shule. Afadhali kito hicho kivaliwe shingoni au sikioni.

Pete ya dhahabu isiyo na jiwe ina faida ambayo nimeiishi mwenyewe. Ya kwangu ilitengenezwa na fundi wa Busia kwa dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Tiira, nami niliivaa miaka tisa, mpaka mwaka ambao binti yangu alilazwa na fedha zikatuishia. Niliipeleka kwa mnunuzi, akaiweka juu ya mizani ndogo yenye kifuniko cha kioo, akangoja namba zitulie. Gramu 3.1. Alihesabu, akalipa kwa gramu, na mtoto akatibiwa. Ningekuwa na almasi, mnunuzi angenikata sehemu kubwa ya bei niliyoinunulia, kama angeitaka kabisa.

Lakini sidai kwamba dhahabu ile ilikuwa safi. Nimewaona wanawake wa Tiira wakiikanda zebaki kwa mikono mitupu ndani ya beseni, na kuichoma juu ya mkaa huku watoto wamebebwa mgongoni. Moshi ule ulikuwemo katika pete yangu pia. Sijapata kitu cha kuvaa kisichodaiwa na mtu.

## Jikoni kwangu

Alikuja Jumamosi moja nyumbani kwangu Kireka, yeye binti, peke yake. Alisisitiza kuosha vyombo. Aliivua pete akaiweka juu ya kizingiti cha dirisha, na uzi wake ukiwa umeshika rangi ya sabuni na mafuta ya mwili, akaniuliza bila kugeuka: "Shangazi, ulikuwepo ikinunuliwa? Kazini wanasema ni almasi ya milioni nane. Naogopa hata kuiacha hapa."

Nilimjibu kwamba kijana aliichagua kwa moyo wake wote.

Kila neno katika jibu hilo ni kweli, nami nilijua nilipokuwa nikilitamka kwamba nimemdanganya. Aliichukua pete kwa vidole viwili, kwa hofu, akaifuta kwa pindo la kitenge chake. Hofu ile haikuwa yake. Tulimtwisha sisi wawili, mimi na mtoto wa kaka yangu, na angeibeba katika kila jiko atakaloingia.

Siku ile nilielewa kwamba angekuwa na hofu ile ile kama jiwe lingekuwa almasi iliyonunuliwa kwa mkopo asioujua. Jiwe rahisi halikuwa na kosa. Wazee wetu husema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimesaidia kuficha.

Nilimpigia kijana simu usiku ule nikamwambia kwamba siri yake nimeishika wiki sita na sitaishika ya saba. Amweleze mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla ya kwanjula. Alinikasirikia. Alisema ninataka kumwaibisha. Nilimwambia kwamba ninamwomba amtendee kama mke, na nikakata simu nikiwa ninatetemeka, kwa sababu sikuwa na hakika kwamba ninatenda sawa. Huenda ningewavunjia uchumba wao kwa ajili ya kuutuliza moyo wangu.

Alimweleza. Binti aliivua pete, akamrudishia mkononi bila kelele, na kwa Jumapili mbili hawakuongea.

## Kidole

Jumapili ya tatu alinipigia yeye, si kijana. Sauti yake ilikuwa nzito.

"Mlikwenda kulipima bila mimi, Shangazi."

Nilimwomba radhi. Hakusema kwamba amenisamehe, na sikumsukuma aseme. Aliniuliza tu yule sonara yuko wapi, na kama anafungua Jumatatu.

Tulipanda ngazi zile watatu. Mkopo wa chama, alinieleza njiani, walikuwa wameuhesabu pamoja, na wamekubaliana kupunguza idadi ya mahema na kumlipia mdogo wa kijana karo ya muhula. Kijana alitembea nyuma yetu akiwa ameibeba pete katika mfuko wa shati, ameifunga katika karatasi.

Mzee alitukumbuka. Aliukata ule uzi kwa wembe, akaupuliza uanguke, kisha akatoa shada la pete za chuma za kupimia na kuzijaribu moja moja kwenye kidole cha binti, akimwuliza kila mara kama inambana. Ya nne ilimkaa. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwuliza ukubwa wa kidole chake.

"Na jiwe?" mzee aliuliza, mkono wake ukielekea kwenye droo. "Nilipime tena?"

"Jiwe ni moisanaiti," binti alimjibu. "Punguza pete tu, baba."